Damu Niliyoikataa

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya masika imeanza leo saa tisa mchana, bila hodi. Daftari hili nililinunua Suna, nilikokuwa nikifanya kazi, siku ninahama, nikaapa nitaandika mambo ya kazi tu. Tuone kama nitaweza. Mimi ni Damaris Gisiri, Mkuria wa upande wa mpakani, mtu wa maabara, na hii ni wiki yangu ya tatu katika hospitali hii ya kando ya ziwa, kaunti ya Homa Bay. Wagonjwa wengi wanavuka kwa boti kutoka visiwa vya Mfangano na Takawiri. Dholuo yangu, lugha ya hapa, inaishia kwenye salamu, kwa hivyo naongea Kiswahili na kila mtu, na kila mtu ananiita nyar Kuria, binti wa Wakuria. Nimeshaacha kukasirika.

Ninachokipenda hapa ni mashine ya kupima chumvi za damu. Unaipa tone moja, inanguruma kama dakika moja hivi, halafu inakupa sodiamu. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 135 na 145. Ikishuka sana ubongo unavimba, mgonjwa anapoteza fahamu, na anaweza kufa hivyo hivyo watu wakidhani ni malaria. Suna tulikuwa tunapeleka sampuli hizi mbali na kusubiri majibu siku mbili. Hapa nimeachiwa mashine yangu mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Ajabu ya leo. Sampuli kutoka wodi ya wanawake imetoka 109. Nikarudia, 109. Nikapanda wodini mbio nikitarajia maiti. Mwenye damu alikuwa ameketi kitandani anakula ugali na samaki, akanikaribisha.

Mtu wa 109 hali samaki akichambua miiba. Kwa hivyo kuna mtu anadanganya, na si samaki.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelijua! Nilimwomba mwenzangu Maurice anitoe damu. Nikagawa tyubu mbili. Ya kwanza nikaiacha ilivyo: sodiamu 140. Ya pili nikaitia matone ya maji ya drip, yale ya sukari: ikaanguka hadi 112. Halafu nikachukua ile ya pili nikaipima sukari kwa kale kakipimo kadogo ka wagonjwa wa kisukari. Kakaandika HI, yaani juu kuliko kanavyoweza kusoma. Nikaipima na ile ya wodini ya jana. HI vilevile.

Basi hakuna ugonjwa. Nesi alitoa damu kwenye mkono uleule unaoingia drip, akanipa damu iliyochanganyika na maji. Maurice alinicheka jinsi nilivyorukaruka.

Ijumaa, 14 Machi

Katika mkutano wa asubuhi nililisema mbele ya watu wote, na tyubu zangu mbili mkononi. Sista Marion, mkuu wa wodi ya wanawake, alikuwa ameketi mbele. Ana miaka ishirini na mbili katika kazi hii. Niliuliza, "Kweli tunahitaji mtu wa kutufundisha kwamba maji si damu?" Watu wakacheka. Daktari Frankline akasema, "Enyewe umetuweza." Sista Marion aliandika tu kwenye kidaftari chake.

Nimeruhusiwa kuzuia sampuli kama hizo. Nimepewa muhuri mwekundu wa kukataa. Nakiri nimefurahi sana.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Stima ilipotea mara tatu, mashine ikajizima mara tatu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nilipanda wodini kwa shughuli nyingine nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Kila kitanda kina chupa ya drip juu yake. Kila kitanda, hata cha bibi aliyekuwa anasuka nywele za mwenzake. Nikamuuliza Sista Marion, naye alinijibu bila kuniangalia.

"Hiyo ni ya heshima."

"Heshima gani, sista?"

"Watu wa visiwani wanavuka na boti, wanafika saa ya kuona wagonjwa. Wakikuta mama yao hana chupa juu, wanasema tumemtupa. Mwaka jana walibeba mmoja wakarudi na yeye nyumbani, kidonda bado wazi. Kwa hivyo mimi nawacha inatona pole pole. Maji kidogo haiui mtu."

Sikubishana, maana hata kwetu upande wa mpakani mgonjwa asiyewekewa maji hajatibiwa. Mama yangu mwenyewe alidai drip kwa sababu ya jino.

Jumatano, 2 Aprili

Lori la madawa limekwama njiani, barabara imeliwa na maji. Bonface wa stoo alikuja kuomba chai kwetu akalalamika kwamba drip ya chumvi imekwisha kabisa, imebaki ya sukari tu, chungu nzima, na ndiyo anayotoa kwa wodi zote. Nilimwambia anywe chai aache kelele.

Jumatatu, 7 Aprili

Wodi ya wanawake, sodiamu 127. Nimegonga muhuri. Wameanza tena.

Jumatano, 9 Aprili

Mbili, 124 na 129. Muhuri, muhuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Muhuri. Inaniudhi kwamba mtu anaweza kufundishwa mbele ya umati na bado asishike.

Jumanne, 15 Aprili

Mbili tena. Sista Marion alipiga simu ya ndani.

"Damaris, hebu soma fomu."

"Nimesoma, sista. Leteni damu safi."

"Umesoma yote?"

Nikamwambia nina kazi. Alikata simu kabla yangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamisi, 17 Aprili

Muhuri mmoja, halafu mwingine jioni. Tangu mwezi uanze nimekataa nane.

Jumatatu, 21 Aprili. Pasaka

Niko zamu. Nimemtoa damu mama mmoja wa Takawiri aitwaye Phelesia, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Ijumaa mvua ilimkuta ameanika omena kwenye nyavu, akakimbia kuziokoa, akateleza kwenye jiwe, akavunjika paja. Anapasuliwa kesho. Hakulia kwa maumivu ila kwa zile omena.

"Nyar Kuria, debe saba!" aliniambia. "Saba, zote zimerudi kuwa supu."

Binti yake Dorine alikuwa pembeni anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Phelesia aliniuliza kila kitu: hiyo tyubu ina nini ndani, kwa nini kifuniko ni chekundu, damu inaenda wapi ikishapimwa. Sijawahi kuulizwa hivyo na mgonjwa. Nilimjibu mpaka nikachelewa chakula. Akasema, "Mimi nikinunua kitu lazima nijue imetoka wapi. Sasa hii ni yangu, nisijue?"

Sodiamu yake ni 139. Nilimrudia kumwambia, akaomba niiandike kwenye karatasi, akaikunja akaitia ndani ya Biblia.

Jumanne, 22 Aprili

Phelesia amepasuliwa salama. Mvua.

Ijumaa, 25 Aprili

Lazima niandike hii yote kwa mpangilio, vinginevyo sitalala.

Saa nne asubuhi ilifika sampuli kutoka wodi ya wanawake, kitanda cha saba. Sodiamu 118. Niligonga muhuri kabla sijasoma jina. Nilipotazama jina nikaona ni la Phelesia, nikasema moyoni, maskini, atachomwa sindano tena kwa uzembe wa watu. Nikairudisha fomu, nakala ikabaki kwetu kama kawaida. Nikaenda kwenye kazi nyingine.

Saa sita hivi Dorine alikuja dirishani kwetu. Hakuwa na ruhusa ya kufika pale. Alisema mama yake ameamka akitapika, kichwa kinamuuma, na sasa anamwita Dorine kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. "Anauliza mbona hatujaanua omena. Ako hapa hospitali na anataka kuanua omena." Nikamwambia ni dawa za usingizi, zitaisha. Nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama, na sikumfungulia mlango.

Nikala. Nikarudi. Tyubu yake ilikuwa bado kwenye kibao cha zilizokataliwa. Siwezi kusema ni nini kilinisukuma, labda maswali yake ya Jumatatu. Nilijiuliza tu: ilichanganyika maji kiasi gani? Nusu? Robo? Nikakachukua kale kakipimo ka sukari nikitarajia HI.

Kakaandika 6.8.

Nikarudia, 6.8. Nikajipima mwenyewe kuhakikisha hakajaharibika, 5.9. Nilisimama pale nikaelewa taratibu. Kama drip ya sukari ingekuwa imeingia kwenye tyubu hii, sukari ingepaa. Haikupaa. Hii ilikuwa damu tupu. Ile 118 ilikuwa 118 ya Phelesia mwenyewe, na nilikuwa nayo mkononi tangu saa nne.

Nilikimbia kwenye mvua, sikufuata njia ya kibarazani. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshaanza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, povu mdomoni, na Sista Marion amempindisha ubavu na kumshika kichwa kama anayeshika yai. Dorine alikuwa ukutani, amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nikapiga kelele, "Sodiamu ni mia moja na kumi na nane! Ni ya kweli!"

Sista Marion aliniangalia mara moja tu. "Mwite Frankline. Na ufunge hiyo drip."

Niliifunga mimi. Chupa ilikuwa ya sukari, ya tano tangu Jumanne. Daktari Frankline alikuja na chupa ndogo ya maji ya chumvi kali aliyoikuta kabatini chumba cha upasuaji, ya mwisho. Nilitoa damu tena kabla hajaanza: 116. Alimpa kidogo, akasubiri, akampa tena kidogo. Kutetemeka kukakoma. Nikapima: 120.

Nikamwambia aimalize chupa yote, tumrudishe 139 leo leo. Akakataa.

"Ukiipandisha mbio, ubongo unaumia vingine, na hiyo haiponi. Nane kwa siku, basi. Ilishuka pole pole, itapanda pole pole."

Sasa ni jioni. Phelesia bado hajafungua macho. Maurice amechukua zamu ya usiku na ameahidi kupima kila baada ya saa nne. Ninaogopa. Akiamka, hatujui ataamka nani.

Jumamosi, 26 Aprili

Asubuhi 122. Mchana 124. Frankline amesema tusimame hapo mpaka kesho. Phelesia amefungua macho. Hamjui Dorine.

Nilimuuliza Frankline inakuwaje chumvi iishe mwilini kwa mtu ambaye hajaharisha wala hajatapika mpaka siku ya mwisho. Akaniambia haijaisha.

"Maji ya sukari, mwili unakula hiyo sukari, unabaki na maji tu. Sasa mtu amepasuliwa, ana uchungu. Mwili ukiwa na uchungu haikojoi vile inafaa, inashikilia maji. Chumvi ni ile ile, imezimuliwa."

Kama uji ulioongezwa maji kwa sababu wageni wamekuja. Nimekuwa mtu wa maabara miaka sita na nilikuwa nikijua hili kwa ajili ya mtihani tu.

Jumapili, 27 Aprili

130. Sikuenda kanisani. Nilitoa nakala za fomu zote nane za Aprili nilizozipiga muhuri, pamoja na ya Phelesia, nikazipanga mezani. Wote walikuwa wamepasuliwa. Wote siku ya tatu au ya nne. Wote baada ya tarehe mbili, siku Bonface alipokunywa chai yangu na kuniambia drip ya chumvi imekwisha. Kabla ya tarehe mbili hakuna hata mmoja, ila yule mla samaki wa Machi.

Halafu nikaona kitu kingine. Chini ya kila fomu, kwa mwandiko mdogo wa Sista Marion: *Damu imetoka mkono usio na drip. Drip ilifungwa dakika kumi kabla.* Kwenye zote tisa. Kwa hiyo siku ile ya mkutano, alipokuwa anaandika huku watu wakicheka, alikuwa anaandika somo langu. Alilishika neno kwa neno. Mimi ndiye niliyeacha kupima sukari, kwa sababu nilishajua jibu.

Nimejionea aibu, nikafunga mlango nikalia.

Jumatatu, 28 Aprili

134. Bado anamwita Dorine kwa jina la marehemu.

Nilimpelekea Sista Marion fomu tisa na kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akaziangalia moja moja, akakaa kwenye kitanda kitupu.

"Hata mimi niliona wanachanganyikiwa," akasema. "Nikasema ni malaria, nikasema ni uzee. Nilitaka hiyo namba yako iniambie. Lakini drip ni nani alikuwa anaweka? Ni mimi. Ati ya heshima."

Alinipa chai yake, akaniambia nimekonda.

Jumatano, 30 Aprili

Lori limefika. Bonface alitubebea katoni ya kwanza ya maji ya chumvi mwenyewe, kwa mkokoteni, mvuani.

Ijumaa, 2 Mei

Tumewapigia simu wale wanane. Saba wako salama nyumbani. Mmoja alituambia alipona siku alipokunywa supu ya samaki ya kwake yenye chumvi ya kutosha, na akatulaumu kwa chakula chetu. Wa nane simu yake haishiki. Anakaa Mfangano. Sista Marion amemtuma mhudumu wa afya wa huko amtafute.

Jumatatu, 5 Mei

Phelesia leo alimwangalia Dorine kwa muda mrefu akamwambia, "Dorine, mbona umevaa blauzi yangu?" Na ilikuwa yake kweli. Dorine alitoka nje akapiga magoti kwenye matope. Manesi wawili walitoka naye. Mimi nilibaki pale na tyubu zangu, nikicheka peke yangu.

Jumatano, 7 Mei

Wa Mfangano amepatikana. Yuko shambani anapalilia.

Alhamisi, 8 Mei

Wodi ya wanawake sasa haina chupa juu ya mtu anayekula. Mwanamume mmoja kutoka Mfangano alisimama katikati ya wodi akadai shangazi yake ametupwa, hata maji hajawekewa. Sista Marion alimkalisha, akampa kikombe na karatasi. "Wewe ndio utaandika. Kila kikombe amekunywa, kila mara ameenda choo. Hiyo ndio kazi yako, na nitaikagua jioni." Aliandika mpaka saa ya boti. Alipoondoka alimkabidhi binamu yake karatasi na kumpa maagizo kama mkuu wa wodi.

Jumatatu, 12 Mei

Phelesia anaruhusiwa leo. Mguu unaunga vizuri. Anakumbuka bei zote za omena tangu mwaka jana, lakini siku zile za kuchanganyikiwa hazikumbuki. Jumanne alilala mezani kupasuliwa, halafu akaamka watu wanamwambia ni mwezi mwingine. Hilo linamsumbua kuliko mguu. Nilipopanda kumtoa damu ya mwisho alinishika koti.

"Nyar Kuria, keti. Wewe ndio unajua mambo ya damu. Hizo siku zangu zilienda wapi?"

Nilikaa. Sista Marion alikuwa kitanda cha pili, anabadilisha shuka, na Dorine alikuwa anafunga mizigo. Nilimweleza maji ya sukari, chumvi kuzimuliwa, ubongo kuvimba. Alifuata kila neno, akinisimamisha nisiposema vizuri. Nikafika Ijumaa asubuhi. Nikasema, "Sampuli ilifika kwetu saa nne, lakini majibu yakachelewa, halafu saa saba ukashikwa."

"Yakachelewa yenyewe?"

"Kulikuwa na utaratibu wa..."

"Mimi niko sokoni miaka thelathini," akasema Phelesia. "Mtu akiniambia samaki imeoza, namuuliza ilikuwa kwa mkono ya nani. Hiyo damu ilikuwa kwa mkono ya nani?"

Sista Marion aliacha shuka. Ningeweza kusema drip, ningeweza kusema lori, barabara, mvua. Yote yangekuwa kweli.

"Yangu," nikasema. "Ilikuwa namba ya kweli nikaikataa. Nikapiga muhuri hata bila kusoma jina lako. Dorine akaja kuniambia unaumwa, sikumfungulia mlango. Ilikaa mezani kwangu saa tatu nzima."

Dorine aliacha kufunga mizigo. Alikuwa ananiangalia, na sikuweza kumwangalia yeye. Nilisikia mvua ikianza juu ya mabati, na mtu akikohoa kitanda cha mwisho. Nilifikiri Phelesia ataniambia niondoke, na ningeondoka.

Akakunja mkono wa nguo yake mpaka kwenye bega, akaunyoosha mkono juu ya mapaja yangu.

"Toa," akasema. "Na hii uiamini."

Nikakosa mshipa mara ya kwanza, yeye akanisubiri. Nilipombandika pamba nilikuwa nalia mbele ya wodi nzima na sikujificha. Nikaipeleka mwenyewe, nikaipima mwenyewe. 138.